Mgonjwa Si Mguu Peke Yake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi na vijana wa Msambweni)



Leo tumekuja na jambo moja: watoto wetu wasomee saikolojia ya afya, tena wasiishie digrii ya kwanza. Mtauliza, kwani hicho ni kitu gani? Hebu tuanze na matende, ugonjwa tunaoujua sote hapa Kwale.

Dawa za kukinga matende zilianza kugawiwa Kilifi mwaka 2002, na mwaka 2003 zikafika kwetu. Dawa hizo huua minyoo midogo iliyo kwenye damu, ili mbu asiipeleke kwa mwingine. Lakini mguu uliokwisha kuvimba sana haurudi ulivyokuwa. Huo wataka kuoshwa kila siku kwa maji na sabuni, ukaushwe vizuri, na uinuliwe mtu akiketi.

Ni kazi ndogo. Mbona basi wenzetu wengine hawaifanyi? Tumewatembelea majumbani. Mama mmoja alitueleza kwamba akiuosha anauona, na afadhali asiuone. Harusini haendi, hospitali haendi.

Mama huyu kuosha anajua. Kinachomfunga ni haya. Hapo ndipo ilipo kazi ya mwanasaikolojia wa afya. Vivyo hivyo kwa mwenye kisukari aliyechoka na dawa, au kijana wa Diani anayejaribu kuacha unga.

Njia yake ni ndefu. Kwanza digrii ya miaka minne, kisha ya pili, kama ile ya saikolojia ya tiba ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Tena, kwa sheria ya mwaka 2014, mwanasaikolojia sharti aandikishwe ndipo afanye kazi. Uingereza, anayetaka jina la mwanasaikolojia wa afya hufanya digrii ya pili, kisha huongeza miaka ya kazi chini ya msimamizi.

Sasa basi, karo. Mzazi mmoja peke yake haiwezi. Lakini sisi tunaochangia matanga na harusi, tutashindwa na kijana mmoja? Tumchangie, tumtafutie basari, naye atuahidi kurudi. Atakayezungumza na mama yule kwa Kidigo atafika mahali mgeni hafiki.

Na tukimngoja, tusikae bure. Kesho tumpelekee mama sabuni, tuketi naye, tumsikilize.