Kioo kisibebeshwe mzigo wa fimbo

(Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma huko Mkonze, Dodoma.)



Nimetakiwa niseme juu ya filamu za mapigano na michezo ya video, na athari zake kwa watoto wetu. Jambo hili si geni. Mwaka 1976 ilitungwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, ili filamu zikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani. Zama hizo filamu ilikuwa na mlango mmoja, yaani ule wa jumba la sinema. Baadaye zikaja kanda za video, vikazuka vibanda umiza, na leo mapigano yaleyale yamo ndani ya simu. Hapana bodi iwezayo kukagua kila mfuko.

Kwa hiyo wapo wasemao kwamba ukatili wote wa vijana chanzo chake ni kioo. Yafaa tulipime neno hili. Huko Marekani, ambako mabishano haya yamedumu miaka mingi, Chama cha Wanasaikolojia kilitoa azimio mwaka 2015 na kulirudia mwaka 2020. Kilikiri kwamba michezo ya mapigano ina uhusiano mdogo na ugomvi, kama vile kufoka na kusukumana. Lakini kikaonya kwamba hapana ushahidi wa kutosha wa kusema kuwa ndiyo inayozaa mauaji na uhalifu. Maana yake ni kwamba kioo kina sehemu yake, lakini si sehemu kubwa.

Je, sehemu kubwa iko wapi? Uchunguzi wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa nchini mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walitendewa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Miongoni mwa waliotajwa kuutenda walikuwamo ndugu zao na walimu wao. Mwaka ule simu za kuchezea michezo zilikuwa bado adimu vijijini. Basi watoto wale hawakufundishwa kipigo na simu. Walifundishwa na sisi.

Ndugu walimu, nasema haya bila kusudi la kuwadharau. Najua uzito wa darasa lenye watoto wengi na madawati machache. Lakini kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 ziko wazi: viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Anayechapa kwa hasira, nje ya kanuni hizo, anamfundisha mtoto kwamba mwenye nguvu hahitaji sheria. Mwalimu huyo akisimama jioni kuilaumu filamu, nani atamsikiliza?

Wala tusidhani kwamba masimulizi ya zamani yalikuwa ya upole. Bibi zetu walituhadithia habari za zimwi lililomeza watu na ng'ombe, hata likapasuliwa tumbo. Damu ilikuwamo. Lakini bibi alikuwapo pia, na mtoto aliweza kumwuliza kwa nini zimwi lilishindwa. Kinachotisha katika simu ni upweke wa mtoto anayeitazama, kupita hata damu anayoiona.

Kwa hiyo kazi yetu ni tatu. Kwanza, viongozi wa mitaa wahakikishe kwamba vibanda haviwapokei watoto saa za masomo wala usiku. Pili, mzazi na mwalimu wakae na mtoto, waujue mchezo anaoucheza, na wamwulize ameelewa nini. Tatu, na hii ndiyo ngumu, tuizuie mikono yetu wenyewe.

Mtoto wa Mkonze atauona ukatili kiooni, tupende tusipende. Lililo katika uwezo wetu ni kwamba, atakapokiacha kioo na kututazama sisi, asiukute ukatili uleule.