Chumba Kisicho na Mtu

Ndugu msikilizaji, juma hili nakuomba tuingie pamoja katika chumba kisicho na mtu. Chumba hicho kimo ndani ya picha aliyoichora Edward Hopper wa Marekani mwaka 1951. Inaitwa Rooms by the Sea, yaani vyumba kando ya bahari, nayo imehifadhiwa katika jumba la sanaa la Chuo Kikuu cha Yale.

Tazama kilichomo. Mlango uko wazi, na nje ya kizingiti hakuna baraza, ngazi wala mchanga. Ni bahari tu, kana kwamba ukitoa mguu utazama. Jua limeingia kwa mshazari, likakata ukuta na sakafu kwa pembe kali. Kushoto kinaonekana chumba cha pili: kochi jekundu, kipande cha kabati, picha ukutani; na huko nako jua limefika. Basi, hayo ndiyo yote. Hopper aliwahi kusema kwamba alichotaka ni kuchora mwanga wa jua juu ya ubavu wa nyumba. Watu wakamsifu kuwa bingwa wa upweke.

Lakini je, alikuwa peke yake?

Nyumba yake ya kiangazi ilikuwa South Truro, katika rasi ya Cape Cod, juu ya mwinuko unaotazama bahari. Ilijengwa mwaka 1934 kwa fedha za urithi wa mkewe, Josephine. Mama huyo naye alikuwa mchoraji. Mwaka 1923, Hopper akiwa bado hajulikani, Josephine ndiye aliyemtaja kwa Jumba la Makumbusho la Brooklyn, nalo likanunua picha yake kwa dola 100. Mwaka uliofuata wakaoana. Tangu hapo bibi huyo akawa mshika daftari la kazi za mumewe, na kila mumewe alipotaka kuchora mwanamke, mara nyingi aliyekaa mbele yake alikuwa ni yeye.

Hopper alifariki mwaka 1967, Josephine akafuata mwaka 1968. Bibi huyo aliliachia jumba la Whitney la New York kazi zaidi ya 3,000, za mumewe pamoja na zake. Za mume zikatunzwa vizuri. Zake, nyingi ziligawiwa huku na huko au zikapotea.

Simpokonyi Hopper sifa. Mkono ulioshika brashi ulikuwa wake. Ila wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Chumba kile cheupe, kinachoonekana hakina mtu, kilikuwa na mtu aliyekilipia, aliyekiandika daftarini, kisha akasahauliwa.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, unapoingia katika nyumba yenye mwanga mzuri, msifu fundi. Halafu uliza ni nani aliyetoa fedha za dirisha.