Kuchonga na Kupiga Chapa: Zana za Mawe katika Msamiati wa Sanaa



Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akitafsiri maelezo ya picha za makumbusho aliwahi kuniuliza: "Mwalimu, jiwe hili niliite zana au sanamu?" Lilikuwa shoka la mkono kutoka Isimila, karibu na Iringa: limechongwa pande zote mbili, ncha yake imechongoka, na ubavu wa kulia unalingana na wa kushoto. Nilimwambia aandike "zana". Leo naomba kulirekebisha jibu hilo, nikianzia Katonga.

Katonga ni makazi ya wavuvi kandokando ya mji wa Kigoma, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Asubuhi, dagaa waliovuliwa usiku kwa taa wanapoanikwa, fundi wa mitumbwi hushika tezo na vibanzi vikaanza kuruka. Ukimwuliza anafanya nini, atakujibu kwamba anachonga. Mtoto wake anayeandaa penseli ya shule anachonga. Mmakonde anayetoa sura ya mtu katika mpingo, naye anachonga. Katika kukata kitu kigumu ili kukipa umbo, Kiswahili hakikutenga kitenzi cha chombo cha kazi na kitenzi cha kazi ya sanaa. Hoja yangu ni kwamba kitenzi hiki kina elimu ambayo nomino zetu mbili, zana na sanamu, zinatusahaulisha.

Ziwa lenyewe linatoa ushahidi. Kusini kabisa, mpakani mwa Tanzania na Zambia, yapo Maporomoko ya Kalambo, ambayo mto wake huishia ziwani humo. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba hapo yalipatikana magogo mawili yaliyopachikwa moja juu ya jingine, kwa pengo lililokatwa kwa makusudi, yenye umri wa miaka isiyopungua 476,000. Waliolikata pengo hilo walitumia zana za mawe. Kabla ya tezo la Katonga, kando ya ziwa hilohilo, mtu alichonga mti kwa jiwe ambalo nalo lilikuwa limechongwa.

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni mahitaji tu, si sanaa. Lakini Gombe, kaskazini ya Kigoma, Jane Goodall aliona mwaka 1960 sokwe wakipukutisha majani ya vijiti ili kuvulia mchwa. Tangu hapo hatuwezi tena kusema kwamba kutengeneza zana ni sifa ya binadamu peke yake. Tunachobaki nacho ni ile ziada: mlingano wa mbavu mbili za jiwe, uliozidi mahitaji ya kuchuna ngozi au kukata nyama. Fundi wa Isimila aliendelea kugonga hata baada ya makali kutosha. Alitaka nini? Ninaamini kwamba alitaka umbo.

Umbo hilo ndilo linalowavuta wasanii. Mary Leakey, aliyezaliwa mwaka 1913, alikuwa binti wa mchoraji. Michoro yake ya zana za mawe ndiyo iliyomkutanisha na Louis Leakey, aliyemwomba amchoree kitabu kilichotoka mwaka 1934. Baadaye alifukua Olduvai, na mwaka 1951 akanakili michoro ya miambani ya Kondoa. Kabla ya kulifukua jiwe kama mtafiti, alilisoma kwa kalamu, kovu kwa kovu. Mwaka 2018, mjini Dallas, Marekani, msanii Tony Berlant na mwanaanthropolojia Thomas Wynn waliandaa maonyesho yaliyoyaweka mashoka ya mkono katika jumba la sanamu, yatazamwe kama sanamu. Shuleni sisi tuliyasoma kama hatua ya teknolojia. Katika somo la sanaa hayakutajwa.

Kuhusu picha za chapa, lugha yetu ina neno jingine lenye hekima. Kuchapa ni kupiga, na picha ya chapa nayo "hupigwa". Msanii anayetaka kupiga chapa ya shoka la mkono huchonga ubao, hupaka wino, kisha hukandamiza karatasi. Alichokiondoa kwenye ubao huonekana kwa weupe. Alichokibakiza ndicho kinachoshika wino. Ndivyo lilivyo jiwe lenyewe: umbo ni kile kilichosalia baada ya mapigo. Kwa hiyo msanii huyo haigi sura ya jiwe tu, bali anairudia kazi yake.

Basi mwanafunzi wangu angeandika nini? "Shoka" ni jina la kukopa, maana shoka letu lina mpini. "Zana" hutaja matumizi na kuliacha umbo; "sanamu" hutaja umbo na kuyaacha matumizi. Ningemshauri aandike mchongo. Najua vijana watacheka, kwa kuwa mchongo mitaani ni mpango wa kujipatia riziki, kama vile usanii umekuwa jina la udanganyifu. Maneno hutembea, nasi hatuwezi kuyafunga kamba. Lakini tukiyaachia maana za mitaani peke yake, tutakuwa na lugha inayoweza kuwataja walaghai na isiyoweza kumtaja fundi wa Isimila. Neno analo mwenzake wa Katonga. Kazi yetu ni kulisikia na kuliandika chini ya jiwe.