Kilicho Chini ya Mshipi

Somo: Mathayo 25:1–13

Ninyi mnaongoja chai mezani, na ninyi mnaojitayarisha kwenda kazini au shambani, twawaomba mtupe dakika chache. Leo twataka kuwaza pamoja nanyi habari ya mshipi wa kuvulia samaki, na hasa ile sehemu ya mshipi ambayo mvuvi mwenyewe aweza kukaa mwaka mzima bila kuiona.

Wengi wetu twaujua mshipi wa mkono, ule unaofungwa ndoana na kutupwa kutoka mtumbwini. Lakini kule Malindi, Watamu na Shimoni, kuna pia uvuvi wa fimbo yenye rili. Rili ni chombo chenye bobini, kama ile ya cherehani ila kubwa zaidi, na mshipi umezungushwa juu yake. Kuna mpini wa kuzungushia, na kuna breki. Samaki mkubwa akishika ndoana havutwi mara moja. Huachwa akimbie, na breki humchosha kidogo kidogo huku mshipi ukitoka. Sulisuli au jodari aweza kuondoka na mita 100 na zaidi katika mbio moja.

Sasa, mshipi mzuri ni ghali, tena ule wa kusukwa wa siku hizi ni mwembamba sana. Mita 200 hazitoshi kujaza bobini kubwa. Ndiyo sababu wavuvi hutangulia kuzungusha mshipi mwingine wa bei nafuu, mara nyingi wa nailoni, kisha huunga ule mzuri juu yake. Huo wa kwanza tutauita mshipi wa chini. Hautoki kwenye bobini ila siku samaki mkubwa anapokuja.

Miaka kadhaa iliyopita rafiki yetu alitupa rili yake ya zamani. Tulinunua mita 200 za mshipi mpya kwa fedha tuliyoiweka kwa muda mrefu. Mshipi wa zamani uliokuwa chini tuliuacha papo hapo. Tulijiambia, "Huu si wa kuvulia, ni wa kujazia tu." Tukaunga mpya juu yake, tukaitazama rili imejaa na kung'aa, tukaridhika.

Mara mbili tatu tulivua nguru wadogo, wala hapakuwa na shida yo yote. Kisha siku moja, nje ya Malindi, alishika samaki ambaye hatukupata kumwona. Rili ililia. Mshipi mpya ukatoka wote, fundo likapita, wa zamani ukaanza kutoka, na mara ukakatika. Hatukupoteza samaki tu. Mita zote 200 tulizojivunia zilikwenda naye, na yule samaki maskini akaenda akiziburuta baharini. Mshipi mpya haukuwa na kosa lo lote. Ulikuwa imara vile vile, lakini ulifungwa juu ya kitu kibovu.

Tulipeleka rili kwa mzee mmoja anayetengeneza vyombo vya uvuvi. Alishika kipande kilichobaki, akakivuta kwa mikono yake, kikakatika bila taabu. Akatikisa kichwa, akasema, "Mwalimu, samaki mdogo haulizi kuna nini chini. Mkubwa ndiye anayekwenda kuuliza."

Ndipo akatufundisha. Kwanza ni nguvu. Mshipi wa chini usiwe dhaifu kuliko wa juu. Kama wa juu ni wa kilo 15, wa chini nao uwe wa kilo 15 au zaidi. Alitueleza sababu yake, nasi twaomba mwisikilize vizuri. Bobini ikiwa imejaa, samaki huvuta mshipi kutoka ukingo wa duara kubwa. Kadiri mshipi unavyotoka, duara hilo hupungua. Likipungua hata kuwa nusu ya upana wake, samaki hana budi kuvuta kwa nguvu mara mbili ili breki iachie, ijapokuwa hakuna mkono ulioigusa breki. Kwa hiyo mshipi wa chini haufikiwi wakati mambo ni mepesi. Hufikiwa wakati mvuto umezidi.

Pili ni mshiko. Mshipi wa kusukwa ukifungwa moja kwa moja juu ya bobini laini ya chuma huteleza. Wewe wazungusha mpini, lakini mshipi wote wazunguka bure kama pete iliyolegea kidoleni. Nailoni ikitangulia chini hushika bobini vizuri. Tatu ni kukaza. Mshipi wa chini ukizungushwa ukiwa umelegea, siku ya mvuto mshipi wa juu huzama kati ya mizunguko yake, hunaswa na kukatika. Nne ni fundo. Fundo hulowanishwa kabla ya kukazwa, maana nailoni kavu ikisuguana hupata joto na kudhoofika.

Tano ni kipimo, na hapa mzee alitushangaza. Ili kujua mshipi wa chini uwe kiasi gani, alianza na ule wa juu. Aliuzungusha wote kwenye bobini tupu, akaunga wa chini juu yake mpaka bobini ikajaa karibu na ukingo. Kisha akautoa wote na kuurudisha kwa kuugeuza, ili wa chini uwe chini na wa juu uwe juu. Ilikuwa kazi ndefu, naye hakuifanyia haraka.

Wasikilizaji, Bwana Yesu alitoa mfano wa wanawali kumi. Wote kumi walikuwa na taa. Wote kumi walitoka kumlaki bwana arusi. Wote kumi walisinzia, wenye busara na wapumbavu pia. Mtu aliyepita njiani jioni ile asingeweza kuwatofautisha kwa taa zao. Tofauti yao ilikuwa katika vyombo vya mafuta, na hakuna aliyeulizwa habari ya mafuta mpaka usiku wa manane.

Jambo hili hatukujifunza kwa rili tu. Kuna mwaka mtoto wetu aliugua. Wakati huo tulikuwa watu wa shughuli nyingi kanisani: kwaya, kamati ya ujenzi, harambee, na kuhubiri karibu kila Jumapili. Huo ndio ulikuwa mshipi wetu wa juu, nao uling'aa. Usiku wa kwanza hospitalini tuliomba kwa maneno mengi. Usiku wa pili maneno yalipungua. Usiku wa tatu tulipiga magoti kando ya kitanda, tukafungua kinywa, pasiwe na neno. Katika mahubiri yote tuliyowahi kutoa, hakuna hata moja lililokuja.

Kilichokuja ni Zaburi ya 23. Mama yetu alitufundisha zaburi hiyo jikoni kabla hatujajua kusoma, akiturudisha mstari kwa mstari huku akichambua mboga. Tuliisema kwa sauti ndogo, tukaisema tena, mpaka kukapambazuka.

Mtoto wetu hakupona. Alilala siku ile, saa tatu asubuhi. Twasema hivi kwa sababu hatutaki mtu adhani kwamba mshipi wa chini humzuia samaki mkubwa asije. Alikuja, akatuvuta mpaka mwisho wetu. Lakini hatukukatika. Mungu alitushika kwa kile kilichofungwa zamani. Nasi baadaye tuliona aibu, maana huo ulikuwa mshipi wa mama yetu, na tangu alipoufunga sisi wenyewe tulikuwa hatujaongeza hata mzunguko mmoja. Paulo alipomwandikia Timotheo alimkumbusha imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Lakini hakuishia hapo. Alimhimiza Timotheo aichochee karama iliyo ndani yake yeye mwenyewe.

Basi tufanye nini? Tuuchague mshipi wa chini leo, wakati hakuna samaki. Wewe mzazi, kabla watoto hawajalala usiku huu, wafundishe mstari mmoja wa Neno la Mungu, na kesho uwaulize. Wewe kiongozi wa kanisa, jiulize ni lini uliomba mara ya mwisho pasipo mtu kukusikia. Na tukaze tunapozungusha, yaani tumtafute Bwana hata asubuhi ile ambayo mwili hautaki. Sala isemwayo kwa kulegea wakati wa raha haitatushika siku ya taabu.

Tena tusiache ubovu wa zamani chini. Wako kati yetu waliofunga bidii mpya juu ya kinyongo cha miaka kumi, au juu ya uwongo ambao hawajautubu. Kwa nje rili imejaa. Ndugu, usiunge kitu juu yake. Utoe wote, hata kama ni kazi ya muda mrefu na ya kuaibisha, uanze na bobini safi.

Kuna na onyo la upande wa pili. Asiwepo anayesema, "Nilibatizwa utotoni, babu yangu alikuwa mzee wa kanisa, yatosha." Rili yenye mshipi wa chini peke yake haivui. Mshipi wa chini umewekwa ili ule wa juu ufanye kazi leo, katika upendo na katika utumishi.

Na kama yule mzee, tupime kwa kuanzia mwisho. Fikiri siku ile utakapobaki huna nguvu wala maneno. Jiulize ungetaka nini kiwe chini yako. Kisha rudi leo, ukitie kwanza.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe wayaona yaliyo chini, ambayo majirani wetu hawayaoni. Utuonyeshe yaliyooza, utupe moyo wa kuyatoa. Uwakumbuke wote walio kando ya kitanda cha mgonjwa asubuhi hii, ambao maneno yamewaishia. Uwashike wewe mwenyewe. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.