Gari la Mradi Linapomisi: Tupime Kabla ya Kununua

(Maneno ya Mratibu wa Miradi mbele ya kamati za sharika, Mkotokuyana, wilayani Nachingwea)



Tumesimama hapa kutoa taarifa ya gari la mradi.

Wengi wenu mnakumbuka siku ile ya Machi 2024, mlipokaa chini ya mkorosho tangu asubuhi hadi jioni mkingoja vipuri vya pampu ya kisima. Hatukufika. Mliambiwa gari ni bovu. Hiyo ni kweli, lakini si kweli yote. Sehemu iliyobaki ni kosa letu sisi wa ofisini, na ni haki yenu kuisikia.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo gari lilianza kumisi. Likiwa limesimama lilitetemeka, likipanda mlima lilikosa nguvu, petroli iliisha upesi, na taa ya injini ikawaka.

Kumisi ni nini? Injini yetu ni ya petroli, yenye silinda nne. Kila silinda inahitaji mambo matatu: hewa na petroli kwa kipimo chake, mgandamizo wa kutosha, na cheche ya plagi kwa wakati wake. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inapaswa kuwaka mara 1,500 katika dakika hiyo. Silinda moja ikishindwa kuwaka, zile tatu huburuta mzigo wake. Hapo ndipo mafundi husema gari linamisi.

Sisi tulifanya nini? Tulisikiliza ushauri wa kila mtu. Wa kwanza alisema plagi. Tukanunua nne mpya. Wa pili alisema petroli ni mbaya. Hofu hiyo haikuwa ya ajabu, maana uchakachuaji ulisumbua nchi hii hata EWURA ikaanza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010. Tukamwaga petroli yote, tukabadilisha chujio. Wa tatu alisema pampu ya mafuta. Tukanunua na hiyo. Gari likaendelea kumisi. Tulinunua mara tatu bila kupima hata mara moja, na fedha tuliyotumia ilikuwa ya ukaguzi wa visima. Kisha tukapakia vipuri vyenu katika gari lilelile, nalo likatuacha njiani.

Baadaye tulimpata fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Kilionyesha namba P0302. Tarakimu ya mwisho hutaja silinda: hii ilikuwa ya pili. Lakini fundi alituonya kwamba namba inasema ugonjwa uko wapi, haisemi umesababishwa na nini. Akahamisha koili na plagi za silinda ya pili kwenda ya tatu, na za tatu kuja ya pili. Akafuta namba, akaliendesha gari. Kama koili au plagi ingekuwa mbovu, ugonjwa ungehamia silinda ya tatu. Haukuhama. Ikarudi P0302 ileile.

Ndipo akafuata waya kwa vidole, akaukuta ule wa kwenda koili ya silinda ya pili umetafunwa na panya. Gari lilikuwa limelala ghalani, kando ya magunia ya karanga. Alikata sehemu iliyoharibika, akaunga waya kwa risasi, akaufunga vizuri usiingie maji. Kazi iliisha kabla ya saa sita mchana, wala hakikununuliwa kipuri kipya hata kimoja.

Ndugu zetu, linalotuuma zaidi ni hili. Dereva wetu alikwisha kutuambia kwamba ameona kinyesi cha panya juu ya injini. Tulimjibu apige dawa, tukaendelea na mambo yetu. Aliyekuwa karibu na gari kila siku ndiye hatukumsikiliza.

Kwa ndugu wa Mkotokuyana: pampu ilitengenezwa siku tisa baada ya siku tuliyowaahidi. Siku hizo zote akina mama walirudi kuchota maji ya madimbwi. Tunaomba radhi.

Kwa wafadhili: fedha ya ukaguzi wa visima tumeirudisha katika kifungu chake kwa kuahirisha semina ya ofisi. Plagi za zamani, ambazo hazikuwa na kosa, tumezitunza kama akiba.

Tumekubaliana mambo manne. Kwanza, dereva ataandika katika daftari la gari kila dalili anayoiona, na mratibu atatia sahihi kila Ijumaa kwamba ameisoma. Pili, hakuna kipuri kitakachonunuliwa kabla ya kupima. Tatu, gari halitalala tena ghalani penye mazao. Nne, taa ya injini ikianza kuwakawaka wakati gari linamisi, dereva apunguze mwendo, asimame mahali salama na kuzima injini. Petroli isiyoungua huingia kwenye ekzosi na kuunguza katalisti, nacho ni kifaa cha bei kubwa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliuona ufa, tukaanza kujenga ukuta upande usio na ufa. Bwana Yesu katika Luka sura ya 14 anamtaja mtu atakaye kujenga mnara, ambaye huketi kwanza na kuhesabu gharama. Nasi tujifunze kuketi kwanza. Mradi wowote ukikwama katika usharika wako, kabla ya kuomba fedha au kubadilisha kamati, muulizeni anayechota maji pale kila siku ameona nini.

Daftari la gari liko mezani, karibuni mlikague.