Maneno Juu ya Mzee Wetu wa Mutomo
(Yalisemwa mbele ya wanachama wa tawi, Makindu)



Tumeombwa tuseme machache juu ya mzee wetu wa Mutomo, ambaye wengi wenu mlifanya kazi chini yake alipokuwa nyapara wa njia. Mwezi uliopita tulimzika mkewe. Tulipokuwa tukirudi, mmoja wetu garini akasema, "Afadhali, maana mama yule alikuwa amekwisha kufa zamani." Hakuna aliyemkanya. Sote tuliitikia kwa kichwa.

Haya, alikufa zamani. Basi sisi tulimlilia lini?

Mzee alianza kufiwa miaka saba iliyopita. Kwanza mama alitia chumvi mara tatu katika chungu kimoja cha muthokoi. Halafu akapotea njia ya kisimani, njia aliyoikanyaga tangu alipoolewa. Mwisho akamwona mumewe kuwa ni mgeni aliyeingia kuiba, akawa anampigia kelele usiku. Mzee akahamia kulala jikoni ili mkewe asiogope. Fikirini, ndugu zangu, mtu aliyekaa na mke miaka arobaini, kila asubuhi apiga hodi mlangoni pake mwenyewe na kutaja jina lake.

Na sisi je? Tulikwenda mara moja, tukanywa chai, mama akatutazama kama watu asiopata kuwaona, nasi hatukurudi tena. Wengine walinong'ona habari za uchawi. Mzee alipoomba msaada katika mfuko wetu wa misiba, tulimjibu kwamba mfuko ni wa misiba na hapana maiti. Kanuni ilikuwa upande wetu. Twalisema kwa aibu, maana barua ile tuliiandika sisi wa kamati.

Ugonjwa huu waitwa dimenshia. Si uchawi, wala si uzee tu, bali ni ubongo unaoharibika kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa milioni 57 duniani mwaka 2021, na wengi wao wamo katika nchi zisizo tajiri kama yetu. Dawa ya kuuponya haijapatikana.

Tena habari hii ni ya watu wa reli tangu mwanzo. Aina yake iliyo kubwa yaitwa kwa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mgonjwa aliyemfanya daktari huyo ajulikane alikuwa Auguste Deter wa Frankfurt, na mumewe Karl alikuwa karani wa reli! Mama huyo alianza kumshuku mumewe, akasahau kazi za nyumba, na Novemba 1901, akiwa na miaka 51, akaingizwa hospitali. Alipoulizwa jina la mumewe alijibu jina lake mwenyewe. Alikufa Aprili 1906, na Novemba mwaka huo daktari akawaeleza madaktari wenzake aliyoyaona katika ubongo wake. Jina la daktari lilienea dunia nzima. Juu ya yule karani, alivyorudi peke yake nyumbani kila jioni, vitabu vyasema kidogo sana, nasi twafikiri wenzake wa ofisini nao walimwandikia barua kama yetu.

Leo hapa kwetu msaada umeanza. Bi. Elizabeth Mutunga, ambaye baba yake aliugua ugonjwa huu, alianzisha chama cha Kenya cha habari za Alzheimer na dimenshia, na humo watunzaji hukutana na kuambiana mambo yasiyosemeka mbele ya jirani. Hapa Makueni, shirika la utafiti la Profesa David Ndetei limefanya kazi na wahudumu wa afya wa vijijini, ili watu waache kuwadharau wagonjwa hawa. Kwa hiyo mwenye mtu wa namna hii nyumbani aanze kwa mhudumu wa kijiji chake, asingoje.

Lakini mzee wetu amekwisha pita huko. Jumapili iliyopita tulivuka Athi tukaenda kumwona. Alituambia, "Kila mtu asema nimepumzika. Saa tisa za usiku naamka kuutazama mlango, kama ametoka. Nakaa pale mpaka kuche." Kamba aliyofungia mlango bado inaning'inia. Hakutaka tuifungue.

Watu wa kwetu twajua mwethya. Shamba la mtu likiharibika hatumwulizi kama amekufa ndipo twende na majembe. Kwa hiyo kamati yaleta mambo mawili mbele yenu leo. Kwanza, kanuni ya mfuko ibadilishwe, mwanachama au mstaafu anayetunza mgonjwa wa namna hii asaidiwe mgonjwa akiwa hai. Pili, watu wawili wawili waende Mutomo kila Jumamosi hadi mvua za Novemba. Matuta ya shamba lake yamebomoka kwa miaka yote hiyo, kazi ipo. Tena wakalale huko, maana shida yake ni usiku.

Twajua wamo humu wawili au watatu wenye jambo hili nyumbani na hawajasema. Waje kwa katibu baada ya mkutano, hataandika jina.

Zamu ya kwanza ni ya watu wa Kibwezi. Nauli imekwisha kuchangwa, ila majembe mje nayo.