Kabla ya kununua ruta mpya

Ruta ya intaneti ya nyumbani imekufa; utanunua ipi?

Kwanza, ujue intaneti inaingiaje kwako. Kama ni kwa simkadi, chukua ruta ya 4G isiyofungwa kwa kampuni moja, na muuzaji aijaribu mbele yako kwa simkadi yako mwenyewe. Kama inaletwa na waya kutoka antena ya juu ya paa, tafuta ruta yenye tundu la WAN.

Pili, kuta. Baadhi ya nyumba za Goma zimejengwa kwa mawe ya volkeno, na ukuta mnene hupunguza nguvu ya mawimbi. Nunua ruta ya masafa mawili: 2.4 GHz hupenya ukuta vizuri zaidi. 5 GHz ina kasi, lakini haifiki mbali. Iweke ruta katikati ya nyumba, juu ya kabati, si nyuma ya televisheni.

Tatu, umeme. Soma kibandiko kilicho chini ya ruta. Ikiandikwa volti 12, betri ndogo ya akiba ya volti hizohizo itaiwasha umeme ukikatika. Adapta ya volti nyingi zaidi inaweza kuiunguza.

Ukinunua ya mtumba, chukua kijiti, bonyeza kwa sekunde 10 kitufe kilichofichwa kwenye kitundu cha nyuma, ili mipangilio ya mmiliki wa zamani ifutike. Kisha weka ulinzi wa WPA2 au WPA3 na nywila mpya siku hiyohiyo.